Gesi Isiyogonga Hodi

9 Januari

Wifi yangu,

Kisanduku hiki nimekifunga mara tatu, maana mara mbili za kwanza nilikifungua tena kuhakikisha vichupa havijavunjika, na wala havijatoka hata mezani. Kaka yako alikuwa anakunywa chai ananitazama. Akasema, "Ukikifungua tena, nakupeleka posta wewe na kisanduku tunakibakiza." Ndugu yako ana maneno siku hizi.

Na barua ndiyo hii, kama Mama alivyoamuru. Tangu siku ile tulipozungumza kwa simu wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyemsikia mwenzake, kisha kila mmoja akamlalamikia Mama kwamba mwenzake hasikilizi, hukumu ikatoka: "Andikianeni. Karatasi haimkatizi mtu." Basi nisikilize, na huwezi kunikatiza.

Kilichomo kwenye vichupa vya kijani ndicho kitambuzi chenyewe. Watahini wakikuuliza kinafanyaje kazi, waambie hivi, usitie chumvi: tumechukua molekuli ya rangi inayong'aa, tukaivisha kifuniko isiweze kung'aa. Inapoingia ndani ya seli hai inakaa gizani. Ikikutana na kaboni monoksidi, hiyo gesi tunayoitafuta, kifuniko kinang'oka, rangi inawaka kijani, nawe unaiona kwa hadubini. Kwa hiyo palipo na kijani, pana gesi. Basi. Wanakemia wanapenda kulizungusha jambo hili kurasa arobaini, lakini ndilo hilo.

Kichupa cha kahawia ni ule unga unaobeba gesi. Ukiuyeyusha, unaiachia gesi kidogo kidogo kwenye seli zako, bila haja ya mitungi. Uyeyushe asubuhi, uutumie hapo hapo. Ukikaa gesi inatoroka, na wewe unabaki na maji machafu.

Sijui kwa nini situlii. Profesa anafurahi, makala yetu imekubaliwa na jarida, na mimi nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niambie haraka kama seli zako zimekipenda.

Wifi yako, mke wa kaka yako,
Mpika Rangi


2 Februari

Mpika Rangi wewe, wifi wa mimi,

Zimewaka! Weka kikombe chini usije ukakidondosha. Zimewaka!

Unajua seli zangu, hizi za moyo wa panya. Zinadunda zenyewe kwenye sahani, kila moja na haraka zake. Nikazitilia kitambuzi chako: giza. Nikazitilia unga: nikahesabu pumzi, nikatazama, na moyo ukawa unadunda kwa kijani. Nilipiga kelele hadi fundi wa hadubini akaja mbio akidhani nimeiunguza taa yake. Na seli zilizopata unga zinastahimili ukosefu wa oksijeni kuliko zile zisizopata. Ndiyo tasnifu yangu hiyo, wifi: kwamba gesi ile ile inayoua, kwa kipimo kidogo, inaulinda moyo. Miaka yote hii wananiuliza, "Utajuaje kama imeingia?" Sasa nitawaonyesha.

Nilimwambia Mama kwamba hata miili yetu inatengeneza kidogo ya gesi hii. Akaja juu: "Sumu iliyomuua baba yako, unaniambia ninayo mimi kifuani?" Nikamwambia kidogo tu. Akaniambia hata nyoka huanza mdogo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Najua kaka hajakusimulia yote. Yeye akiguswa pale huondoka kwenda kutengeneza bomba lisilovuja.

Baba alikuwa fundi saa. Siku moja ya baridi na upepo alifunga mlango na dirisha la kibanda chake, ili upepo usimpeperushie zile skrubu ndogo, akaweka jiko la mkaa miguuni. Mkaa ulishakolea, hauna moshi hata chembe. Adhuhuri Mama akampelekea chakula kama kawaida, akamkabidhi mlangoni, akarudi nyumbani. Jioni walimkuta ameinamia meza, bakuli tupu mbele yake. Baba mdogo, yaani mdogo wake huyo unayemjua, akasimama mbele ya watu akasema: "Mtu aliyekula akafa, ulizeni alichokula."

Neno hilo moja, wifi. Hakupelekwa mtu polisi, hakushtakiwa mtu. Lakini tangu siku ile baba mdogo hajaonja chakula cha Mama. Anakuja, anasalimu, anakaa kile kiti cha karibu na mlango, na kikiletwa chakula anasema ameshiba. Siku ya harusi yako ulimwona alivyosukuma sahani akasema amefunga. Mfungo gani huo usio na mwezi? Tumemweleza habari ya mkaa mara ngapi! Anasema, "Kitu nisichokiona hakiui mtu ninayemwona."

Basi ataiona. Mwisho kabisa wa utetezi wangu nitavuta hewa ya juu ya jiko la mkaa kwa bomba la sindano, niipulize ndani ya kichupa chako, tuzime taa, na kichupa kiwake kijani mbele ya macho yake. Mama ameshamwalika. Unajua alivyojibu? "Nitakuja." Mama hakuamini. Amekishusha kitambaa cha meza cha harusi yake, anakifua kila wiki, na utetezi ni mwishoni mwa Mei.

Wifi yako,
Yaya wa Mioyo


18 Februari

Yaya,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Nilimpa kaka yako ile sehemu ya Baba. Alisoma, akaikunja, akaenda kufungua sinki la jikoni ambalo halikuwa na tatizo lolote. Sasa lina tatizo.

Nimefurahi mpaka nimeishiwa nguvu. Lakini wifi, polepole na hilo onyesho la mkaa. Hewa ya mkaa sijawahi kuijaribu. Kusema kweli hata gesi yenyewe, ile safi ya mtungi, hatujaijaribu. Mtungi uko kwenye kizimba nyuma ya jengo, kengele yake ya hatari, ile ya kuvaa kifuani, ni mbovu, na bila kengele haruhusiwi mtu kuugusa, kwa sababu ile gesi haina harufu na haigongi hodi. Nilipomuuliza Profesa, huyu tunayemwita Haraka, alisema bila kuacha kutembea: "Dunia nzima inatumia unga. Sisi ni nani?" Na ni kweli. Kila makala niliyosoma ni unga, unga, unga.

Nitamsumbua fundi umeme atengeneze ile kengele. Nikishajaribu mtungi nitakupa ruhusa ya jiko lako. Mpaka hapo usimwahidi mtu kitu, hasa Mama.

Mpika Rangi


11 Machi

Wifi,

Umechelewa. Mama ameshaambiwa, na Mama akishaambiwa, mtaa umeambiwa.

Kwanza usishtuke: Mama aliteleza bafuni Ijumaa. Mguu umevimba tu, haukuvunjika, lakini nilipopigiwa simu niliacha kila kitu mezani, hata glavu nilizivulia barabarani. Siku zile mbili nilikuwa mtumishi wake. Anatoa amri kitandani kama mkuu wa majeshi. Aliniamuru nimsogezee dirisha. Dirisha, wifi.

Jumatatu narudi maabara, nakuta unga wako uko pale pale nilipouacha, umeyeyushwa tangu Ijumaa asubuhi. Nikasema si nimwage? Halafu nikakumbuka ulivyo bei, na kisanduku kingine hakijafika, na seli zangu zilikuwa tayari, zikikaa siku moja zaidi zinakufa. Nikasema potelea mbali. Nikautumia.

Ukawaka vile vile! Kijani kama siku ya kwanza, pengine zaidi, na seli zikastahimili vile vile. Wewe uliniambia ukikaa unakuwa maji machafu. Unga wako hauchachi, wifi! Ungejua kupika chakula kama unavyopika rangi, kaka asingekonda.

Niliuweka kwenye tasnifu, sura ya tatu, kama sifa yako: kwamba mchanganyiko unadumu.

Kengele vipi?

Yaya


22 Machi

Wifi,

Mpe Mama pole ya mguu.

Usiutumie tena ule unga. Sura ya tatu iache kwanza kama ilivyo, usimpe msimamizi wako. Kama kuna namna ya kusogeza mbele tarehe ya utetezi, sogeza. Nitakueleza nikiwa na uhakika.

Usinipigie simu, tafadhali. Nitasema vibaya.

Mpika Rangi


1 Aprili

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili. Nilidhani nimepewa ukurasa mmoja na mwingine umepotea posta.

"Sogeza mbele." Kitu gani, mkutano wa harusi? Tarehe imeshatoka, watahini wameshathibitisha, mmoja anasafiri kutoka mbali. Mkataba wangu unaishia Juni. Na wewe unaniandikia mistari sita kama mtu anayeagiza sabuni.

Sikutaka kusema lakini umeniudhi, acha niseme. Makala yenu imetoka. Msimamizi wangu kanionyesha. Picha nzuri, maneno mazuri, majina sita, langu halimo. Nikanyamaza. Nikasema wifi ni mtu wangu, atanikumbuka kwenye ya pili. Sasa unataka niache, niahirishe, nisiguse. Ili nini? Ili majaribio ya moyo myafanye wenyewe hapo kwenu, mtoe na makala ya moyo? Haraka amekutuma, au ni wewe mwenyewe? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nguo hiyo nimeivaa kwa furaha tangu siku kaka alipokuleta nyumbani.

Kama si hivyo, sema ni nini. Na kama ni hivyo, mwambie kaka akuandikie barua yake, maana mimi yangu imekwisha.

Binti wa fundi saa


12 Aprili

Wifi yangu,

Una haki ya kunitukana. Nilitaka kuwa na uhakika kwanza, na hofu ikaniandikia ile barua. Jina lako kwenye makala nililiandika mimi, likafutwa, nami sikupigana. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini silo lililonifanya nikuambie uache.

Ni ule unga wa Ijumaa.

Niliposoma kwamba uliwaka Jumatatu nilicheka, kisha nikaisoma tena. Usingepaswa kuwaka, wifi. Gesi ilishatoroka tangu Jumamosi. Kile ulichozitilia seli hakikuwa na gesi ndani yake. Sasa nani alifungua kifuniko?

Nikalirudia jaribio mimi mwenyewe. Niliyeyusha unga, nikauacha wazi mpaka ukaishiwa pumzi, nikautia kitambuzi. Kijani. Nikaupasha moto kwanza, nikauacha tena. Kijani. Tukauita unga mfu, mimi na mwanafunzi mwenzangu, na tulikuwa tunacheka kicheko cha msiba. Kisha nikamng'ang'ania fundi umeme hadi akanikimbia korido, akarudi, akatengeneza kengele. Tukaingia kizimbani watu wawili, kengele kifuani, tukafungua mtungi. Gesi safi, wifi, kaboni monoksidi yenyewe, ikapita kwenye kichupa bubujibubuji mpaka nikaona aibu.

Giza. Hakikuwaka hata kidogo, na picha yake nakutumia humu.

Ule unga ni metali iliyobebeshwa gesi. Ni metali yenyewe inayong'oa kifuniko. Gesi hata haijagonga hodi. Kitambuzi changu hakitambui gesi, kinautambua unga. Na seli zako huenda hazikulindwa na gesi, zililindwa na hiyo metali, au na kitu kingine nisichokijua. Sijui. Ninachojua ni kwamba kijani kile tulichokishangilia ni shahidi wa uongo, na mimi ndiye niliyemleta.

Na jiko la mkaa halitakiwasha kichupa. Nimelijaribu nyuma ya jengo, kengele ikapiga kelele, kichupa kikabaki kinanitazama tu. Baba mdogo akikaa mstari wa mbele ataona giza.

Silali vizuri. Nafungua majokofu bila kujua natafuta nini. Kaka yako ameniambia nikuandikie kweli tupu na nisijitetee, na hiyo ndiyo barua yake uliyoidai.

Nisamehe,
Mpika Rangi


25 Aprili

Kwa mkwe wangu,

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Huyu wifi yako ana nini? Tangu apate barua yako hali sawasawa. Anaingia maabara, anatoka, anakaa kwenye ngazi za nje, anaingia tena. Jana alitia chumvi kwenye chai na akainywa. Nimemuuliza mmegombania nini, ananijibu: unga. Nikamwambia mwanangu, watu wazima wenye shahada, mnagombania unga? Nitawapelekea gunia kila mmoja mnyamaze.

Kama mwanangu wa kiume amekukosea, niambie, bado kiboko chake ninacho. Kama ni mambo ya mimba, pia niambie, si kila jambo la kuficha. Kama ni mambo ya kazi yenu, basi malizeni, maana mimi nina wageni.

Shemeji yangu anakuja. Ameulizia hata basi la saa ngapi. Unajua wewe si mtoto wa juzi tena, nitakuambia. Watu walidhani nililia kwa sababu ya kufiwa. Nilifiwa, ndiyo. Lakini kuna kilio kingine cha kupika chakula, mtu akakitazama, akakutazama na wewe, akasukuma sahani. Nimekipika kilio hicho kila sikukuu. Binti yangu amesema siku hiyo gesi itaonekana. Mimi sielewi mambo ya seli na molekuli, nangoja hiyo taa ya kijani tu.

Mguu umepona. Naweza kusimama mstari wa mbele.

Mama yako


6 Mei

Yaya, wifi yangu,

Hujanijibu, na sikulaumu.

Mama ameniandikia. Barua yake nimeiweka kwenye droo, kisha nimeitoa, kisha nimeirudisha. Sijamjibu. Habari hii ni yako kumwambia au kutomwambia, na ulimi wangu umeshakuharibia vya kutosha.

Jambo moja lazima ulijue, hata kama linanichoma kuliandika. Nilimpelekea Haraka majibu yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikaa kitini. Kisha akasema: "Huyo wifi yako aonyeshe picha alizonazo. Onyesho la mkaa aliache, aseme vifaa vimechelewa. Unga mfu asiutaje. Hakuna mtahini atakayeuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza." Wifi, ni kweli. Hawatauliza. Ungetoka na shahada yako, baba mdogo angeziona picha za kijani ukutani, na Mama angetandika kile kitambaa.

Nakuambia kwa sababu si haki nikuchagulie. Mimi upande wangu nimeshawaandikia jarida kwamba makala yetu ina kasoro na wairekebishe au waiondoe. Haraka hanisemeshi. Meza yangu imehamishiwa kando ya karai la kuoshea vyombo, kila anayenawa ananirushia maji. Lakini hilo langu halikufungi wewe. Ukionyesha picha tu, sitasema neno, na nitakuja kupiga makofi.

Nimeanza kutengeneza kifuniko kingine. Kila ninachokitengeneza sasa nakipeleka kwanza kwa unga mfu. Mpaka sasa vyote vinawaka, vinadanganya vyote.

Nijibu hata kwa tusi.

Wifi yako


30 Mei

Wifi wa mimi,

Tusi lenyewe ninalo, lakini limepoa, litakuwa la wakati mwingine.

Najua kaka alikuzuia usisafiri kwa sababu unatapika asubuhi. Mama alilijua hilo kabla yako, nadhani umeona kwenye barua yake. Kwa hiyo nakusimulia yote, na usinikatize.

Ushauri wa Haraka niliukubali. Ndiyo, niliukubali kabisa. Nilifuta unga mfu kwenye sura ya tatu, nikapanga picha zangu za kijani, nikalala kama mtoto. Asubuhi ya utetezi nikamkuta Mama amesimama mbele ya kioo na gauni lake la harusi ya kaka, anajizoeza sura. Sura ya mtu asiyejali. Anaiweka, inaanguka, anaiweka tena. Akaniona. Akasema, "Mwanangu, leo ukisema umeona, watu waamini. Mimi niliangushwa na mtu aliyesema kitu ambacho hakukiona."

Aliondoka kwenda kutafuta viatu. Mimi nikabaki pale mbele ya kioo, wifi. Kwa sababu na mimi nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya watu kusema nimeona.

Aliporudi nikamwambia hapo hapo, chumbani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi mwake. Kwamba taa ya kijani si gesi. Kwamba kichupa hakitawaka. Alikaa kitandani. Sikujua mtu anaweza kuzeeka wakati unamtazama. Kisha akaniuliza, "Lakini baba yako aliuawa na mkaa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, hilo halihitaji kichupa. Akavaa kiatu cha pili. Akasema, "Basi twende. Usimpake mtu rangi."

Ukumbini nilisoma kila kitu hadi mwisho, kisha nikaweka picha tatu kwa pamoja. Unga mzima: kijani. Unga mfu: kijani. Gesi ya mtungi, ile picha uliyonitumia: nyeusi. Nikasema, "Kwa hiyo nilichokiita gesi hakikuwa gesi. Sijui ni nini kilichozilinda seli. Nilisema nimeona, sikuona." Mtahini mmoja akauliza nani aligundua. Nikasema wifi yangu. Wakacheka, sijui kwa nini, wifi ni wa kugundua visa tu?

Wakanitoa nje, wakaniita. Sijafaulu na sijafeli. Sura mbili niziandike upya, nirudi mwakani, na yule aliyesafiri kutoka mbali akasema ile picha ya tatu ndiyo tasnifu yenyewe. Mkataba watauongeza au hawatauongeza, Mungu anajua. Nilitaka kulia lakini baba mdogo alikuwa ananisubiri koridoni.

Anageuza kofia mkononi. Akaniuliza, "Kwa hiyo hukuiona?"

"Sikuiona, baba."

"Na ulikuwa umeshasema umeiona."

"Nilikuwa nimeshasema. Hata Mama nilimwambia."

"Na hawa wazee wa ndani walikuwa wanajua?"

"Hawakujua."

"Nani alikulazimisha kuyarudisha maneno?"

"Hakuna."

Akaitazama kofia yake. Nikangoja aseme, "Mnaona? Hakuna gesi." Nilikuwa nimeshapanga jibu, na lilikuwa kali. Hakusema. Alivaa kofia, akaivua, akatutangulia kwenye ngazi. Njia nzima hadi nyumbani Mama ameiweka ile sura yake, imemgandia.

Mama alikuwa amepika tangu alfajiri, kwa ajili ya sherehe ambayo sasa haikuwa na jina. Akatandika kitambaa chake. Akapakua: wangu, wa jirani, wa msimamizi wangu. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na mlango. Mama alimpita na bakuli kama anavyompita siku zote, bila kumtazama, ili asimpe taabu ya kukataa.

Baba mdogo akasema, "Shemeji."

Mama akasimama.

"Nitilie na mimi."

Wifi, Mama alianza kutafuta upawa. Mezani, chini ya kitambaa, akarudi jikoni, akatoka, na upawa uko mkononi mwake. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwisho akauona, akamtilia. Nusu ikamwagika kwenye kitambaa cha harusi, na Mama ninayemjua angepiga yowe. Akamwongezea upawa mwingine. Baba mdogo akala. Hakuomba radhi, hakueleza, hakusifia. Alikula polepole, ameinama, mpaka mwisho, akanawa, akasema, "Umenizidishia," akaenda kuwahi basi.

Hiyo ilikuwa jana. Vyombo vyote nimeosha isipokuwa bakuli lake. Liko mezani, tupu, Mama amekaa mbele yake, ananiambia nisiliguse.

Nitumie vifuniko vyako vipya, hata vinavyodanganya. Unga mfu ninao wa kutosha.

Wifi yako,
Yaya wa Mioyo